Chumba cha Kumi, Uzi wa Pili

Widad alijifunzia gitaa stoo. Stoo yenyewe ilikuwa ya duka la baba yake, Temeke, nyuma ya kaunta, na kiti chake kilikuwa gunia la mchele. Alikuwa na miaka kumi na moja. Baba yake, Muhsin, alisimama kaunta akipimia watu sukari huku sikio moja liko ndani, na mteja akiuliza ni nini hicho kinacholia huko nyuma, alijibu, "Redio." Redio gani inayorudia kipande kimoja mara sitini mpaka kinyooke, wateja hawakuuliza. Watu wa Temeke si wajinga, ila wana adabu zao.

Muhsin hakusomea muziki popote, kwa hiyo alifundisha kwa maneno yake mwenyewe. Kwake shingo ya gitaa ilikuwa nyumba ya kupanga. Vile vyuma vyembamba vinavyoikata shingo ni kuta, na nafasi kati ya chuma na chuma ni chumba. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba kuliko wote. Wapo wapiga gitaa wenye majina mengine, ya vitabuni, na waendelee nayo.

"Bonyeza uzi wa kwanza, chumba cha tano," alimwambia siku moja duka likiwa halina mtu. Widad akabonyeza, akapiga. "Haya, sasa uzi wa pili, chumba cha kumi."

Widad akasogeza mkono, akapiga.

"Umesikia nini?"

"Ni noti ileile, Baba."

"Ileile kweli? Rudia."

Akarudia, mara ya tatu, mara ya nne. Kisha akakunja uso kama mtu anayeonja mchuzi. "Ni ileile. Lakini ile ya kwanza inachoma. Hii imeshiba."

"Na uzi wa tatu, chumba cha kumi na nne?"

Mkono ukapanda tena juu ya shingo. "Hii imeshiba mpaka inasinzia."

Muhsin alicheka akashika kaunta. Siku ile alimpa kipande kizima cha halua, na Widad alikila chote peke yake bila kuwagawia kaka zake. Hakuwahi kuisahau siku ile. Mpaka leo akisikia gitaa popote, la harusini au la kwenye simu ya mtu, hasikii noti tu. Anasikia imepigiwa chumba gani.

Sikio hilo ndilo lililomletea maneno. Alikuwa na miaka kumi na tisa, Jumapili moja mchana, redio ya dukani ikapiga wimbo ambao Dar nzima inaujua, "Nisubiri Kiwalani" wa Nyuki Jazz. Katikati ya wimbo ule kuna solo, na ndani ya solo kuna noti moja inayolia peke yake, ndefu, kabla ya waimbaji kurudi. Mtangazaji akasema, kama watangazaji wote walivyosema miaka yote, kwamba gitaa la solo limepigwa na Stanley.

"Baba," Widad akasema, "huyu hapigi uzi wa kwanza. Ile noti inayolia ni chumba cha kumi, uzi wa pili. Solo yote kaipiga uzi wa pili. Kwa nini ajitese hivyo?"

Muhsin alizima redio. Akaenda akafunga nusu ya mlango wa duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana. Halafu akamweleza.

Mwaka themanini na tatu Muhsin alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba. Asubuhi aliuza duka la baba yake, Mzee Azan, na jioni alipotea. Akiulizwa alisema anakwenda kumtazama rafiki mgonjwa, na rafiki huyo aliugua miaka mitatu mfululizo bila kufa wala kupona. Ukweli ni kwamba alikuwa anapiga gitaa la pili Nyuki Jazz. Mzee Azan alikuwa mtu wa watu, mtu wa safu ya mbele msikitini, na kwake gitaa lilikuwa jambo la walevi, basi, mjadala umekwisha.

Siku ya kurekodi, siku waliyoingojea miezi minne, Stanley, mpiga solo wao, alikuwa kitandani anatetemeka kwa malaria. Ikabidi solo apige Muhsin. Na mwaka ule maduka hayakuwa na kitu. Sabuni ilikuwa ya foleni, sembuse nyuzi za gitaa. Uzi wa kwanza wa Muhsin ulikuwa wa kuungaunga: waya mmoja uliochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli. Walipojaribu mara ya tatu, ukakatika, tap! Fundi mitambo akasema imebaki robo saa, wanaofuata wako nje. Muhsin hakuwa na uzi mwingine wala muda wa kulia. Akaihamisha solo nzima uzi wa pili, kila noti akaitafutia chumba kingine, akapiga mara moja tu. Ndiyo hiyo inayosikika mpaka leo.

Fundi mitambo aliposhika kalamu kuandika majina, Muhsin akamwambia, "Solo andika Stanley." Kwani lingesomwa jina lake redioni, Mzee Azan angelisikia akiwa hapo hapo kaunta, mbele ya wateja wake.

Stanley alipona malaria akajikuta maarufu. Kwa haki yake, alikuja mbio kwa Muhsin. "Hii si yangu. Nikaseme?" Muhsin akamshika mkono. "Ukinitaja, baba ananifukuza. Niapie." Stanley akaapa. Mwaka uliofuata Muhsin alioa, akakabidhiwa duka, na hakurudi tena kwenye bendi.

"Sasa nawe niapie," Muhsin alimwambia bintiye. "Stanley kajenga jina lake lote juu ya solo ile. Ukisema, unambomoa mtu mzima. Hutasema neno."

Widad aliapa. Lakini moyoni iliwaka. Mtu mwenye mkono ule anapima sukari na kujibu "redio," halafu jina linalosifiwa mjini ni la mwingine! Alimpenda baba yake kupita kiasi, na kwa mapenzi hayo alikaa kimya, akaumia.

Miaka ikapita. Baba yake alimwachia achague njia yake bila kumfukuza wala kumnunia, na Widad alipofika thelathini na moja aliingia Nyuki Jazz, gitaa la pili, kiti kilekile. Pale bendini alijulikana kwa jina moja tu, Sista Widad. Hakuna aliyemwuliza la pili.

Nyuki Jazz ilikuwa inatimiza miaka hamsini. Kiongozi wa bendi, Adelard, mtu wa kupangilia kila kitu mpaka rangi ya soksi, alitengeneza onyesho kubwa la Jumapili jioni katika ukumbi mmoja wa Kinondoni. Mzee Stanley, mwenye miaka sabini na moja, angekaa mbele kama mgeni rasmi, maana vidole vyake vilikuwa vimekaza kwa baridi yabisi na hakuweza tena kupiga. Solo ya "Nisubiri Kiwalani" akapewa Widad.

"Upige kama Mzee," Adelard akasema. "Usiongeze, usipunguze."

Widad alirudi Temeke. Akamweleza baba yake. Muhsin alikuwa anafunga pilipili manga kwenye karatasi, akaendelea kufunga.

"Nitakuja kukusikiliza," akasema. "Mwanangu anapiga solo, nikae nyumbani nina nini?"

Hapo ndipo Widad alipoelewa ubaya wa jambo lenyewe. Angesimama mbele ya ukumbi mzima, angepiga uzi wa kwanza kama Stanley alivyopiga majukwaani miaka arobaini, na watu wangempigia Stanley makofi, na baba yake angekuwa amekaa pale katika kanzu yake, naye akipiga makofi. Na baba yake ana sukari, ana presha. Miaka hamsini mingine ya bendi hatakuwepo. Kama jina lake halitasemwa Jumapili hii, halitasemwa tena. Usingizi ulimpaa Widad siku mbili. Siku ya tatu akajiuliza hivi: aliapa nini hasa? Aliapa hatasema neno. Hakuapa kidole chake kitakaa wapi.

Mazoezi yalikuwa Alhamisi, mapema mchana, ukumbi wazi, viti vya plastiki vimerundikwa ukutani. Stanley alikuwa amekaa kwenye kimoja, fimbo katikati ya magoti, anakunywa soda kwa mrija. Bendi ikaanza. Demetria, mwimbaji, alimaliza ubeti wake akarudi nyuma, na Widad akaingia na solo. Uzi wa pili.

Kwenye ile noti inayolia, Adelard akainua mkono. Muziki ukakatika.

"Sista, umepotea."

"Noti nimekosea?"

"Noti ni yenyewe. Mkono ndio umepotea. Unapanda mpaka juu huko kufuata nini? Uzi wa kwanza, chumba... kama unavyokiita wewe, pale karibu. Ndivyo Mzee anavyopiga, ndivyo tunavyopiga sie wote."

"Naomba nipige hivi, braza."

"Hivi vipi? Nimesema usiongeze."

"Sijaongeza. Noti ni zilezile."

"Sasa kama ni zilezile si urudi tu pale pengine? Ishu iko wapi?"

Widad hakurudi. Alikuwa mpole siku zote, mtu wa kuazima watu nyaya na kuwaletea visheti, na sasa alisimama katikati ya jukwaa kama mtu aliyefika kudai shamba lake. Adelard akapandwa na hasira. Akasema kama hawezi kufuata maelekezo, solo itapigwa na kinanda, na Jumapili atakaa na gitaa lake la pili akichombeza tu. Mpiga ngoma akaangalia viatu vyake. Widad alihisi machozi yanakuja, akayarudisha. Hakusema kitu, kwa sababu alichokuwa nacho cha kusema ndicho alichoapa kutokukisema.

"Mwache," sauti ikatoka ukutani.

Stanley alikuwa ameweka soda chini. Alisimama taratibu, akaja mpaka mbele ya jukwaa, akamtazama Widad mkono wa kushoto, si usoni.

"Rudia, mwanangu. Peke yako."

Widad akarudia. Alipiga solo yote kuanzia mwanzo, bila ngoma, bila besi, na alipofika kwenye ile noti akabonyeza chumba cha kumi, uzi wa pili, akaiacha ilie. Ilitoka nene, imeshiba, kama ilivyo kwenye redio, kama ambavyo haikuwahi kutoka kwenye jukwaa lolote la Nyuki Jazz. Demetria akajishika mdomo. Alikuwa ameuimba wimbo ule miaka kumi na minane na hakuwahi kuisikia hivyo akiwa amesimama pembeni yake.

Stanley alitoa kitambaa, akafuta macho bila kuficha.

"Nilibadilisha magitaa matatu," akasema. Hakuwa anasema na mtu. "Nikabadilisha spika. Nikaambiwa ni mitambo ya zamani, sauti ile hairudi tena. Miaka arobaini naitafuta hii sauti. Kumbe ipo kwenye uzi wa jirani!" Akamgeukia Widad. "Nani kakufundisha kuipigia hapo?"

"Samahani, mzee. Nimeapishwa nisiseme."

"Umeapishwa." Stanley alitikisa kichwa pole pole, na ilionekana kabisa kwamba neno lile limemfika mahali. "Haya. Basi usiniambie aliyekufundisha. Niambie jina lako. Unaitwa Widad nani?"

Widad aliwaza haraka haraka, akaona kwamba jina lake ni lake. Aliitwa hivyo kabla hajashika gitaa, kabla hajaapa chochote.

"Widad Muhsin Azan," akasema, na alilisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Mzee Stanley alikaa chini kwenye ngazi ya jukwaa, palepale. Alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena. Adelard alisimama na karatasi zake za mpangilio mkononi, hajui azifanyeje. "Adelard," Stanley akamwambia, "huyu binti apige anapotaka. Na nipatie bajaji niende Temeke."

Walifika dukani saa nane mchana, Widad na Stanley, gitaa limelala mapajani kwao wote wawili. Muhsin alikuwa kaunta. Alimwona bintiye kwanza, halafu akamwona mzee mwenye fimbo, na jiwe la mizani likamponyoka.

"Uzi wa kwanza ulikuwa wapi?" Stanley akauliza. Hakusalimu wala nini. Watu hawajaonana miaka arobaini!

"Ulikatika," Muhsin akajibu.

"Ulikatika?"

"Si ulikuwa ule wa breki? Ulikatika, fundi mitambo anataka kutufukuza. Ningefanyaje?"

"Na hukuniambia?"

"Hukuuliza!"

"Ningeulizaje, Muhsin? Nimwulize nani solo yangu mwenyewe inapigwa vipi?"

Hapo Muhsin alipasuka kicheko. Akatoka nyuma ya kaunta, wakakumbatiana mbele ya mama mmoja aliyekuwa amefuata nazi, na mama wa watu akaamua kusubiri, akae aone.

Walipotulia, Stanley akashika kifundo cha fimbo. "Kila mtu akinisifia, nilikuwaga najisikia mwizi. Lakini niliapa. Nilisubiri uniambie sasa sema. Hukuniambia."

"Niliapisha nini mie? Nilisema baba asijue. Baba kafariki tisini na sita."

"Mbona hukuniambia hiyo tisini na sita?"

"Kwa sababu ulikuwa Stanley wa 'Nisubiri Kiwalani'! Nije nikuvue nguo mbele za watu?"

Wakatazamana. Wazee wawili, kila mmoja amebeba mzigo kwa ajili ya mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama bado unahitajika. Widad alitaka kuwakasirikia, akashindwa. Alikwenda stoo, akakaa juu ya gunia la mchele, akalia kidogo kwa furaha, maana baba yake alikuwa mtu wa namna ile.

"Sasa nisamehe kwa Mungu," Stanley akasema kule nje. "Jumapili naomba niseme."

Muhsin alimhesabia mama nazi zake, akamrudishia chenji, akafuta kaunta mahali palipokuwa pasafi. "Sema," akasema.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Muhsin alikuja baada ya sala ya Alasiri, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, kofia ya mkono kichwani, na kaka wawili wa Widad pembeni yake waliovaa kama wanakwenda kuposa. Stanley alipanda jukwaani kwa kushikiliwa. Alishika maiki akasema kwa maneno machache, bila kupamba, kwamba solo mliyonisifia nayo tangu themanini na tatu sikuipiga mimi, siku ile nilikuwa naumwa, aliyeipiga yupo humu ndani, na nilikaa na sifa yake kwa sababu aliniomba nimtunzie siri. Mahali fulani nyuma mtu akasema, "We!"

Widad hakungoja. Alishika ufunguo wa uzi wa kwanza, akaulegeza mbele ya watu wote, akauchomoa, akauweka mfukoni. Likabaki gitaa la nyuzi tano. Kisha akamtikisia kichwa mpiga ngoma, na "Nisubiri Kiwalani" ikaanza.

Alipofika kwenye ile noti hakumtazama Adelard wala Stanley. Alimtazama baba yake. Muhsin alikuwa amefumba macho, na mkono wake wa kushoto, juu ya goti, ulikuwa umekaa mahali pake, kidole kinabonyeza kanzu pale ambapo pangekuwa chumba cha kumi. Noti ikalia. Ukumbi mzima uliipokea kwa kelele, na Widad akaiacha ilie zaidi ya ilivyo kwenye rekodi, zaidi ya Adelard alivyoruhusu, na Adelard mwenyewe alikuwa anapiga makofi juu ya kichwa.

Wimbo ulipokwisha wakamletea Muhsin maiki palepale alipokaa. Aliikataa kwa mkono mara mbili. Mara ya tatu akaipokea, akasimama. Alinyoosha kanzu. Mtu aliyeishi na jawabu moja tu, "redio," alitafuta maneno, na Widad kule jukwaani alishika shingo ya gitaa kwa mikono miwili.

"Naitwa Muhsin," akasema. Akakohoa, akaanza upya, safari hii kwa nguvu, na jina alilolificha redioni miaka arobaini na moja kwa ajili ya baba yake, kisha kwa ajili ya Stanley, akalitoa lote, mpaka mwisho wake. "Naitwa Muhsin bin Azan. Nina duka Temeke. Ile solo ni yangu, na yule pale ni binti yangu."